Sukari Guru Kwenye Bia ya Bwana Yoris

Ukitaka kuonja bia, mwanangu, usijipulizie manukato. Naanzia hapo kwa sababu juzi walikuja vijana wawili kutoka mtaa wa Soweto, hapo mjini, wakanikuta naanika maharage uani. "Shikamoo bibi," wakasema, "tumesikia wewe ndiye uliyekuwa muonjaji wa bia ya yule Mbelgiji. Tunataka kupika yetu, tufundishe." Nikaitikia marahaba, nikawavutia viti, na hapo hapo pua yangu ikaziba. Mmoja alikuwa amejipulizia manukato ya kumtosha bibi harusi na wasimamizi wake wote. Nikamwambia, "Wewe kwanza nenda kaoge, halafu urudi tuongee bia." Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania hata kidogo.

Basi haya nawaambia wale wawili, na ninyi wengine mnaopika bia zenu ndogo ndogo huko mijini. Mnaweza kuyaacha pia. Mimi nimeonja pombe tangu ujana wangu mpaka meno yakaanza kuniaga, na kwa miaka mingi nililipwa mshahara kwa kazi hiyo. Watu walikuwa wakinicheka kanisani. "Mama Flora, wewe unalipwa kunywa!" Nami nawajibu, "Nalipwa kuonja. Kunywa mnakunywa ninyi, tena kwa hela zenu."

Kabla ya hapo nilikuwa napika mbege, pombe yetu ya ndizi, nauza pale Kiboriloni sokoni. Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema. Alikuwa mkali. Ndizi zikichemka anakaa pale pale jikoni, na siku ya kuchanganya mso, ule uji wa ulezi uliooteshwa, hataki mtu aongee karibu na pipa. Aliniambia, "Pombe mbaya ikitoka nyumbani kwako, haitatoka tena vinywani mwa watu." Kwa hiyo nilikuwa naonja kila pipa kabla sijauza, na kama halijakubali, namwambia mteja arudi kesho. Wengine walinitukana.

Siku moja mteja niliyemrudisha alikuwa Mzungu mwenye kofia ya majani. Ndiye Bwana Yoris. Alikuwa ameletwa nchini kutengeneza mitambo kwenye kiwanda cha sukari kule chini tambarare, mkataba ukaisha, akakataa kurudi kwao. Ilikuwa miaka ya tisini, milango ya biashara imefunguliwa, na kila mwenye banda alikuwa anafungua kitu. Yeye akakodi jengo la zamani la kumenyea kahawa, juu kidogo ya Kiboriloni, ambalo lilikuwa limebaki na panya tu tangu bei ya kahawa ianguke. Akalisugua miezi mitatu, akaanza kupika bia ya kwao.

"Kwa nini unakataa pesa yangu?" akaniuliza siku ile.

"Sikatai pesa, nakataa aibu," nikamwambia. "Pombe haijawa tayari. Rudi kesho."

Akarudi kesho yake, akanywa kata nzima. Siku ya tatu akaja kunipa kazi.

Asubuhi ya kwanza alinimiminia bilauri moja, bia ya rangi ya asali, povu limesimama. Nikanusa. Nikamtazama. Nikanusa tena. "Bwana Yoris," nikasema, "umetia ndizi humu."

"Hakuna ndizi, mama."

"Mimi ni Mchagga. Huwezi kunificha ndizi. Ni kisukari, imeiva siku tatu zilizopita."

Mzee wa watu alicheka mpaka akakaa chini. Akanionyesha magunia yote, mapipa yote, hata chini ya ngazi. Kweli hapakuwa na ndizi. Ile hamira ya kwao ndiyo inayotoa harufu ya ndizi yenyewe, na nyuma yake harufu ya karafuu. Alikuwa anatia mbegu za giligilani na maganda ya machungwa, vitu vya sokoni tu, lakini ndizi ilikuwa inajileta. Nilitembea nikifikiria jambo hilo wiki nzima. Watu wa mbali kabisa wasio na mgomba hata mmoja, na bia yao inanukia kihamba, shamba la migomba la kwetu!

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Onjeni asubuhi, kabla ya chai. Bilauri ioshwe kwa maji matupu, sabuni inaua povu. Usile kitunguu jana yake. Mimina, tazama, kisha nusa mdomo ukiwa umefungwa, halafu nusa mdomo ukiwa wazi; ni harufu mbili tofauti, jaribuni mtaona. Chukua kidogo, kipite ulimi mzima, umeze. Msiteme. Watu wa mvinyo wanatema, nimeambiwa, lakini uchungu wa bia unakaa nyuma kabisa karibu na koo, na ukitema hujaufikia. Ukishameza, toa pumzi kwa pua taratibu. Hapo ndipo bia inasema ukweli wake. Kisha tafuna kipande cha ndizi ya kuchemsha isiyo na chumvi. Bwana Yoris alikuwa anatumia mkate mkavu, nikamkatalia, nikasema mkate una hamira yake, unaleta maneno. Tukabishana mwezi mzima, na mwishowe alikuwa anakula ndizi zangu mpaka naonja bila kitu.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa hili. Alikuwa ananipangia bilauri tano, ananiuliza ipi nzuri. Mara tatu mfululizo nikachagua yenye kilevi kingi kuliko zote. Akaniambia, "Mama Flora, ulimi wako unatafuta kilevi, hautafuti ladha." Weee! Nilinuna siku mbili, sikumsalimia. Siku ya tatu nikajua amesema kweli, na nikaanza kujifunza upya, mtu mzima na watoto wangu wanne.

Kwa maana bia aliyoipenda yeye ilikuwa nyepesi sana. Aliiita bia ya mezani. Kwao, alisema, mama yake alikuwa anaiweka mezani mchana pamoja na chakula, kama sisi tunavyoweka maji, na hata watoto walipewa. Na kupika bia nyepesi ni kazi kuliko kali. Bia kali inaficha makosa ya mpishi, mtu akinywa ya pili hajali tena. Bia nyepesi haina nguo. Maji yakiwa na kutu utaisikia, kimea kikiungua utakisikia, hata kama mpishi aliamka na hasira nadhani utasikia.

Watu wa kwetu hawakuitaka. Waliiita bia ya watoto. Mimi nilikuwa naipenda, na nitawaambia sababu, kwa kuwa bila sababu hiyo hamtaelewa nilichokuja kuharibu.

Mume wangu, Anselmi, alikuwa mpima kahawa ghalani. Alikuwa mrefu, mpole, anapiga mluzi akitembea, na alikuwa anauma punje moja ya kahawa tu anakwambia imekauka kiasi gani. Nilimpenda tangu siku ya kwanza aliponibebea mkungu wa ndizi bila kuombwa, na sioni haya kusema. Kahawa ilipoanguka, ghala likapunguza watu, naye akapunguzwa. Akaanza kwenda kilabuni mchana, halafu asubuhi. Siku moja nikakuta ng'ombe wetu shambani kwa jirani wanakula mahindi. Mwenzangu alikuwa ameuza mlango wa zizi. Mnacheka? Na mimi leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Aliacha mwenyewe. Binti yetu Flora alikuwa anapata kipaimara, baba akaja kanisani anayumba, na mtoto akageuza uso akajifanya hamjui. Kesho yake Anselmi aliamka, akavunja kata yake kwa panga, akasema basi. Akaacha kweli. Lakini huku kwetu mwanamume akikaa kikaoni bila kata mkononi, watu wanadhani ana ugomvi na wenyeji. Kwa hiyo akaacha vikao pia. Sherehe ikiwepo, yeye yuko kwenye migomba peke yake anakata majani ya ng'ombe. Kaka yake mkubwa, shemeji Apolinari, akawa anasema, "Mdogo wangu amekuwa mtawa." Na mluzi ukakoma. Nyumba ilikuwa na amani, lakini mume wangu alikuwa amekauka.

Nikamuuliza Bwana Yoris, "Mtu akitaka kulewa kwa hii yako ya mezani, anywe chupa ngapi?" Akasema, "Tumbo litapasuka kabla kichwa hakijazunguka." Nikaibeba chupa moja nyumbani. Anselmi aliiangalia muda mrefu.

"Mama Flora, una hakika?"

"Nimeionja mwenyewe, Baba Flora."

Hilo tu. Akanywa nusu, akangoja, akajisikiliza, hakuna kitu. Jumapili iliyofuata alikwenda kukaa na wanaume wenzake, chupa mkononi, akazungumza mpaka jua likashuka. Akarudi anapiga mluzi. Nilimshukuru Mungu na Wabelgiji wote kwa pamoja.

Sasa dhambi yangu. Shemeji Apolinari alikuwa na sherehe, mjukuu wake anapata komunyo ya kwanza, akaagiza makreti ya bia yetu ili kumpa moyo mdogo wake. Wiki hiyo hiyo, sokoni, bwana mmoja aliyekuwa mteja wangu wa mbege akapaza sauti mbele ya watu: "Mama Flora! Siku hizi unauza maji ya kuoshea kata?" Soko zima likacheka. Mimi! Mimi ambaye watu walikuwa wanapanda mlima kufuata mbege yangu! Niliungua ndani.

Bwana Yoris alikuwa amekwenda Arusha kutafuta vizibo zaidi vya chupa, funguo ameniachia mimi. Nikaingia, nikasimama mbele ya pipa la sherehe. Na nikafanya kile ambacho mpika mbege yeyote angefanya: pombe ikilegea unaipa chakula. Nilinunua kikapu kizima cha sukari guru, nikaiponda, nikaiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, nikaimwaga ndani. Nikaipa siku chache. Ikachemka kweli kweli, pipa linanguruma. Nikaonja, nikasema, ehee, hii sasa ni bia! Nikaijaza kwenye chupa zile zile, zenye karatasi zile zile zilizoandikwa nyepesi.

Mtaniuliza, hukumkumbuka mumeo? Sikumkumbuka. Nilikuwa na hasira, na hasira haina mume.

Jumapili ikafika. Misa imekwisha, mtoto na gauni lake jeupe, ua umejaa, nyama iko motoni. Chupa ya kwanza ikapasuka ndani ya kreti, paa! Watu wakadhani ni bunduki, bibi mmoja akaingia chini ya meza na sahani yake. Ikapasuka ya pili. Nilikuwa nimeiwekea kizibo kabla guru haijamaliza kazi yake, kosa la kitoto, lakini wanaume walikuwa wameshaonja zilizobaki salama na hawakujali kupasuka. "Mama Flora! Leo umetuheshimu!" "Aika mae, aika!" wananishukuru kwa Kichagga na kwa Kiswahili. Nikatembea pale uani kichwa juu. Nilikuwa nimevimba kwa sifa, nakiri.

Ndipo nikasikia kicheko cha Anselmi. Alikuwa na vicheko viwili, mume wangu. Kimoja cha kawaida, kinaishia kifuani. Kingine kinapanda juu mwishoni, na hicho nilikuwa sijakisikia miezi minane.

Nikageuka, nikamwona ameketi kwenye benchi katikati ya ndugu zake, uso umemng'aa, chupa mbili tupu miguuni, na shemeji Apolinari anamfungulia ya tatu kwa meno. Nikawaza haraka sana. Nikinyamaza, labda ataishia hapo, hakuna atakayejua, jina langu litabaki. Nikisema, nimekwisha mimi, imekwisha bia ya Bwana Yoris, na mume wangu ataaibika mbele ya ukoo. Tena mke kumnyang'anya mumewe kinywaji mbele ya kaka zake ni jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanyika. Miguu ikaenda kabla sijaamua.

Nilimnyang'anya ile chupa mkononi.

"We shemeji!" Apolinari akasimama. "Umelewa?"

"Sijalewa. Bia hii nimeitia sukari guru," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ni kali. Karatasi inadanganya, na mimi ndiye niliyedanganya. Baba Flora, usinywe tena."

Anselmi alitazama zile chupa mbili miguuni pake, akazitazama kama mtu anayesoma barua.

"Kumbe," akasema polepole. "Nilidhani nimefurahi tu."

Akasimama, akatoka. Hakunitazama. Na mimi nikabaki na chupa yake mkononi, sijui niiweke wapi.

Sitawadanganya kwamba alikwenda nyumbani kusali. Alikwenda kilabuni. Alikwenda wiki tatu, kila siku, na kila siku nilikuwa namwekea chakula na anakikuta kimepoa. Hakunipiga, hakunitukana, hakusema nami. Heri angenitukana.

Bwana Yoris aliporudi nilimweleza yote kabla hajavua kofia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha tukabeba chupa zote zilizobaki tukazimwaga kwenye migomba nyuma ya jengo, mimi na yeye. Mwisho akasema, "Mama Flora, kuharibu bia ni kitu kidogo, mimi nimeharibu nyingi. Lakini pale kwenye karatasi tumeandika nyepesi. Kuna mtu anasoma pale, anaamini, anaweka maisha yake juu ya neno hilo." Akaninyooshea mkono nimrudishie funguo. Akaniambia niendelee kuja kazini asubuhi. Nilikwenda, naonja machozi na bia pamoja, na nawaambia machozi yanaharibu ulimi kuliko kitunguu.

Vijana, mtajifunza vipimo. Siku hizi mnavyo vya kila aina, vinaonyesha namba. Vizuri, tumieni. Lakini kazi ya muonjaji siyo kuipa bia sifa. Kazi yake ni kuwa mtu ambaye mwingine akiambiwa "ameionja fulani," anakunywa bila hofu. Mimi nilikuwa mtu huyo kwa mume wangu, nikauza nafasi hiyo kwa kicheko cha sokoni.

Wiki ya nne, siku ya Jumanne mchana, Anselmi alikuja nyumbani ameoga, amenyoa. Akakaa kwenye kigoda chake mlangoni.

"Ipo ile ya Bwana Yoris? Ile yenyewe?"

"Ipo, Baba Flora."

Nikamimina kwenye bilauri, nikampelekea. Hakuipokea.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Hapo ni lazima niwaeleze. Huku kwetu anayempa mtu pombe huanza kuionja yeye, ili mpokeaji aone haina kitu kibaya. Kila mtu hufanya hivyo, hata kwa ndugu. Lakini Anselmi aliniondolea desturi hiyo wiki ile ile tuliyofunga ndoa. Aliniambia, "Wewe niletee tu. Sikuoa mtu wa kuniogopesha." Miaka yote ile nilikuwa namletea, anapokea, anakunywa. Na sasa amekaa pale anangoja.

Nikaonja. Nikameza. Akanitazama koo, akangoja, ndipo akachukua.

Tangu siku hiyo kilabuni hakurudi. Ndugu zake walimrudisha kikaoni wenyewe, Apolinari akiwa wa kwanza kuja kumwita. Tuliishi vizuri, tulicheka, alianza kunitania tena juu ya kikapu changu cha guru. Lakini kila mchana nilipomletea bilauri yake, alinyanyua kidole kidogo tu, nami nikaonja kwanza. Sikumlaumu. Nilionja mwaka mzima, nikaonja mwaka wa pili.

Kisha siku moja, mwezi wa kuchuma kahawa, amerudi shambani na kiu, shati limelowa. Nikamletea. Nikainua bilauri kuipeleka mdomoni kwangu kama kawaida. Anselmi akanyoosha mkono, akaichukua kabla haijanigusa midomo, akanywa mpaka nusu. Akajifuta povu, akaniuliza kama mtori wa ndizi umeiva.

Nikamwambia bado kidogo. Nikaingia jikoni, nikalia, na mtori wa siku ile tuliula bila chumvi.